Mpira wa Maji wa Saa Kumi

...na huu mpira nao leo mzito, au ni mkono umechoka, hapana, mkono haujachoka, ni hii baridi ya Julai inayoingilia kwenye kucha na kupanda mpaka kiwiko, jua lipo lakini ni kama limechorwa tu, halipashi kitu, MaDube akauhamisha mpira wa maji kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akaielekeza ncha yake ndani ya pipa la buluu, maji bado, pipa tupu likamrudishia pumzi yake mwenyewe usoni, na kutoka upande wa pili wa ukuta MaSibanda akasema, "Subiri hapo hapo, MaDube, Baba Ngwenya bado anapigana na swichi, usiuachie," naye akajibu, "Nipo, nimeshika," kama anavyojibu kila siku saa kumi ya jioni tangu mwezi wa tano, nipo, nimeshika, maneno yamekuwa kama itikio la kanisani, ingawa kanisa lenyewe limefungwa, na shule, na baa ya pale kwenye kona, Bulawayo nzima imekalishwa chini kama darasa lililopiga kelele, na maji ya manispaa yanatoka siku moja kwa wiki, yakipenda, kwa hiyo bila kisima cha MaSibanda na mumewe na pampu yao hizi mboga zingeshakuwa mafagio, tuta la vitunguu lile, tuta la mboga za majani lile, majani mapana ya kijani kibichi ambayo yeye hakuyaomba, hakuomba hata mbegu, ni MaTshuma wa upande wa kushoto aliyemrushia miche juu ya uzio imefungwa kwenye gazeti lenye maji akasema, "Panda, Ticha, kabla haijafa, mimi kwangu pamejaa," uongo mtupu, kwake hapakuwa pamejaa, ua lote la MaTshuma unaweza ukacheza ngoma...

"Ticha!" ndiye huyo, ukimtaja anaibuka, kofia ya sufu juu ya majani ya uzio na macho mawili, "Pipa limefika wapi?"

"Halijafika popote, MaTshuma, maji hayajaja."

"Basi niite yakija, nisipitwe na historia," akazama tena, mkasi wake ukaendelea kukata, kra, kra, kra, mshonaji wa magauni ya harusi katika mwaka usio na harusi, anashona barakoa kwa mabaki ya mabibi harusi, MaDube anayo moja hapa shingoni, nyeupe, ina shanga kabisa, mwanamke wa miaka sitini na mbili, mwalimu mstaafu wa hesabu, na shanga mdomoni, Thabi angecheka mpaka aanguke... na hapo moyo ukagonga pale pale unapogonga siku zote, kama mtu anayejigonga goti kwenye kona ya meza ile ile, Thabi, Sithabile, mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni mama yao alipofariki, akamlea, akamsomesha, mpaka Thabi akaenda Uingereza kuosha wazee wa watu na kuwageuza vitandani, na Jumapili ile ya Aprili akapiga simu, "Dada, nimepatwa na kikohozi kidogo," yeye akamwambia kunywa tangawizi, weka na limau, jifunike, maneno ambayo mtu hata hafikirii anapoyasema, kisha bomba la jikoni, ambalo huwa analiacha wazi juu ya ndoo ili asikie, likakohoa nalo, likapiga mluzi, likaanza kumwaga, siku kumi halijatoa tone, akasema, "Thabi, maji! Maji yametoka, nakupigia," akakata, na akakimbia na ndoo na sufuria na beseni, akajaza bafu, akajaza birika, akajaza hata chombo cha maua, usiku mgongo ukamuuma akalala, Jumatatu hakuwa na bando, Jumanne simu ya Thabi haikupokelewa, Alhamisi akapiga shemeji, akasema Thabi amewekwa kwenye mashine, na Jumapili ya pili yake ikawa basi, na maziko akayaona kwenye simu, dakika kumi na nne, watu wanne na kasisi mmoja kwenye mvua, mpaka mtandao ukagandisha picha kwenye mwavuli, mwavuli mweusi umesimama, hauendi mbele, haurudi nyuma, akaukodolea macho nusu saa akidhani labda utasogea.

Hilo la kukata simu hakumwambia mtu, atamwambia nani na aanzie wapi, kwamba nilimkatia mdogo wangu simu ili nijaze ndoo... akalifunga bomba lake la jikoni kwa nguvu mpaka mpini ukalia, kiwanja chake akakiacha kikauke, akafunga geti, akavuta mapazia, akalala, na siku mbili zikawa nne, zikawa tisa, maji ya sukari basi, na bila kujiambia kwa maneno alikuwa ameshaamua kwamba kuamka si lazima, wala halikuwa jambo la kutisha, hilo ndilo linalomshtua sasa akilifikiria, lilikuwa jambo jepesi, kama mtu anayeamua kutokwenda dukani. Na nje walikuwa wakiimba. Hilo nalo alilisikia kama kwa mbali, jioni tatu mfululizo za msiba, MaSibanda kiwanjani kwake na MaTshuma kiwanjani kwake, maana kuingia nyumba ya mtu ilikuwa hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa Baba Ngwenya ana sukari na MaTshuma ana pumu, basi wakasimama kila mmoja kwenye majani yake, wamevaa sare ya akina mama wa kanisa, blauzi nyekundu na kofia nyeupe, alichungulia kidogo kwenye pazia akawaona, wanaimba wakiutazama ukuta wa nyumba yake, na Baba Ngwenya akivuta besi kwa nyuma akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mzee wa reli yule, sauti yake kama kichwa cha treni kinachopanda mlima, na yeye akawakasirikia, ndiyo, aliwakasirikia, akajifunika mto kichwani, kwa nini hawaniachi, kwa nini watu hawawezi kumwacha mtu...

"Umeme umerudi?" MaSibanda aliuliza huko ng'ambo, na Baba Ngwenya akajibu kitu kirefu, mzee hasikii vizuri kwa hiyo huongea kana kwamba dunia yote haisikii, lakini leo upepo unakwenda upande mwingine na maneno yanafika vipande vipande, "...fyuzi... nimeshasema mimi..." MaDube akaupangusa mpira kwa upindo wa shali, kijani umepauka, una kiraka cha utepe mweusi, anaujua kama mtu anavyoujua mkono wa mtoto wake, na kilichouleta ni nyundo, kwanza ilikuwa nyundo, asubuhi ya siku ya kumi, kong, kong, kitanda kinatetemeka, akadhani wezi wamekuja mchana kweupe, akatoka na gauni la kulalia na blanketi begani, siku kumi hajaona jua, akamkuta Baba Ngwenya ameng'oa kibamba kizima cha zege kwenye ukuta, usawa wa kiuno, shimo la kupitisha kichwa cha mbuzi, na kwenye shimo umetokeza mpira wa maji unatema, na nyuma ya mpira sauti ya MaSibanda inapiga kelele, "MaDube! Shika! Shika haraka, maji yanamwagika na umeme wenyewe ni wa kuvizia!" akasema, "Mimi sitaki maji," akaambiwa, "Hukuulizwa kama unataka, shika kwanza, tutagombana baadaye," akashika, mtu ukimrushia kitu anadaka, maji ya baridi yakamlowesha miguu, akatafuta waya aufunge mpira kwenye pipa arudi kitandani, MaSibanda akaona, akapiga kelele kuliko ya kwanza, "Usiufunge! Hili tangi letu lina presha, ukifungwa unaruka kama nyoka, unapasuka, na mpira mwingine nautoa wapi na maduka yamefungwa? Lazima ushikwe kwa mkono," na MaTshuma kutoka upande wa pili akaunga mkono kwa nguvu zote, "Ni kweli, Ticha, wangu uliruka ukanivunjia dirisha," na yeye akasimama pale, dakika arobaini, amekasirika, ameshika. Kesho yake saa kumi tena, "MaDube, mpira!" keshokutwa tena, "MaDube, mpira!" na mtu hawezi kuacha maji ya jirani yamwagike chini katika mji kama huu, hata mfu angeamka, na ukishaamka saa kumi kila siku unajikuta umevaa gauni, si vizuri Baba Ngwenya akuone na nguo ya kulalia, na ukishavaa gauni unajikuta umechana nywele, na pipa likishajaa unayafanyia nini maji, basi unamwagia ile miche ya MaTshuma, isife bure...

"...kile kibanio!" sauti ya Baba Ngwenya ikapanda juu ya upepo, nzima nzima sasa, kila neno na viatu vyake, "Nauliza kile kibanio cha chuma nilichomtengenezea MaDube cha kushikilia mpira kwenye pipa! Nimekitengeneza tangu mwezi wa tano! Kiko wapi?"

"Shh! Punguza sauti, baba."

"Eti nini?"

"Nimesema kimepotea!"

"Hakijapotea, nimekiona leo chini ya kitanda, upande wako, umekifunga kwenye kitambaa! Mama wa watu unamsimamisha kwenye baridi kila siku, presha gani, hili tangi lina presha gani? Hata kikombe halipindui!"

Kisha mnong'ono wa MaSibanda, mkali na wa haraka kama mafuta kwenye kikaango, kisha Baba Ngwenya, taratibu sana kwa mtu kama yeye, "Aah... aaah, kumbe," na upande wa kushoto mkasi wa MaTshuma ulikuwa umenyamaza.

MaDube akasimama na mpira mkononi. Presha gani. Halina presha. Sasa na wewe, mwalimu wa hesabu, miaka thelathini na minne unawafundisha watoto wa watu ujazo na kasi ya maji, tangi limekaa juu ya matofali manne, urefu wa mtu mfupi, mpira wa nusu inchi, ungeweza kuipiga hesabu hiyo ukiwa umefumba macho, ungeweza kuufunga kwa uzi wa nguo, na siku zote hizi umesimama hapa kama mlinzi wa benki... na hasira zikampanda, moto kabisa, mpaka masikioni, wamenifanya mtoto, wamenifanya mjinga, wawili hawa wamekaa wakapanga, na yule MaTshuma na dirisha lake, dirisha gani, madirisha yake yote mazima, nayaona kutoka hapa, akataka kuutupa mpira chini aende ndani na leo asitoke tena, vidole vikaanza kufunguka... lakini vidole vikasita, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeanza kuhesabu, ndiyo kazi yake hicho kichwa, kikihesabu hakiombi ruhusa, siku sabini na sita, mara dakika arobaini, hizo ni zaidi ya saa hamsini, na kama yeye amesimama saa hamsini upande huu, basi MaSibanda amesimama saa hamsini upande ule. Hilo hakuwa amelifikiria. MaSibanda mwenye magoti mabovu. MaSibanda aliyeacha sufuria jikoni, aliyeacha mume na sindano yake ya sukari, kila siku, akaja kusimama kwenye shimo la ukuta na kusema habari za viwavi kwenye kabichi, habari za binti yake wa Gweru, habari za mhubiri wa redioni anayekohoa katikati ya sala, habari zisizo na maana hata moja, mradi sauti isikatike... na ile siku MaDube aliyolia, Juni, alianza tu bila sababu, pipa likajaa likafurika, maji yakamwagika kwenye viatu vyake, maji safi, katika mji ambao watu wanaamka alfajiri kupanga foleni na madumu, na MaSibanda hakuizima pampu, hakusema pole, hakusema nyamaza, aliacha maji yaende muda wote ambao kilio kilihitaji kwenda, kisha akauliza kama kawaida, "Limejaa, eh?" na ile siku nyingine ambayo hakutoka kabisa, alilala akiusikiliza mpira ukiitwa, "MaDube, mpira," saa kumi, saa kumi na nusu, akainuka saa kumi na moja kwa hasira kwenda kusema koma, akaukuta mkono wa MaSibanda umepita kwenye shimo mpaka begani, mkono mzima, na kovu lake la kuungua na mafuta, umeushika mpira juu ya pipa, unatetemeka kwa baridi, na kutoka nyuma ya ukuta sauti inasema, "Polepole tu, ndugu yangu, mimi nipo, sina haraka," bega limebanwa kwenye zege saa nzima, kwa ajili ya mpira ambao hata kikombe haupindui.

Na sahani. Sahani zilizopita kwenye shimo hili na kurudi vile vile, isitshwala, ugali wa kwao, imegeuka jiwe, mboga haijaguswa, na kesho nyingine ikaja, MaSibanda hakuuliza kwa nini, alikuwa anaipokea na kusema ahsante kwa kunioshea, wakati haijaoshwa, kwa sababu haijaliwa... siku hizi anakula, anakula kidogo kwa sababu ni adabu kula ulichopewa, hajawahi kuuliza chakula gani, chakula ni chakula, kinaingia. Hasira zilikuwa bado zipo lakini zimekosa pa kukaa, kama mgeni anayekuta viti vyote vina watu, na MaDube akajikuta anatazama hii mikono yake, udongo mwekundu kwenye kucha, udongo kwenye mistari ya kiganja, mikono ya mtu anayeishi, nani aliirudisha hii, na mshubiri kule kando ya geti umechanua maua mekundu yamesimama kama mienge, lini umechanua, umechanua wiki nzima pengine, akauona, akauona kabisa, nyuki mmoja wa baridi anaingia na kutoka, na pale pale, bila kuitwa, Jumapili ile ikarudi, lakini haikurudi kama inavyorudi siku zote, ikiishia kwenye kidole kinachokata simu, ilirudi na kipande chake kilichokuwa kimepotea, kwa sababu kabla ya kukata kulikuwa na sauti, mbona aliisikia, aliisikia halafu ndoo zikaizamisha, alisema "Thabi, maji! Maji yametoka, nakupigia," na Thabi, mtoto wa Bulawayo huyo, aliyelelewa na ndoo kichwani, hata miaka ishirini ya mvua za Uingereza haikumbadilisha, akacheka, akakohoa, akacheka tena, "Kimbia, Khange! Kimbia dada, wasikutangulie!" Khange, jina la sifa la ukoo wetu, hivyo, hivyo hasa, mdogo wangu alikuwa anacheka, alinituma, hakukatiwa simu, alinifukuza niende, sauti ya mwisho niliyomwachia duniani ilikuwa sauti ya maji yanatoka nyumbani kwetu, naye akafurahi... na machozi yakaja lakini hayakuwa yale ya Juni, haya yalikuwa ya moto na hayakuuma, yakalowesha shanga za barakoa, akayaacha.

"MaDube?" sauti ya MaSibanda shimoni, ndogo, ya mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe, "Upo?"

Na hapo angeweza kusema. Nimesikia. Nimemsikia Baba Ngwenya, na nusu ya mtaa imemsikia. Angeweza kusema leteni hicho kibanio, magoti yako yapumzike, ukae ndani kwenye joto, na pengine ipo siku atasema, lakini akisema leo MaSibanda atalia na MaTshuma ataanza kujitetea habari za dirisha, na zaidi ya yote, kibanio kikishika mpira, saa kumi nani ataita jina langu, na mimi nitamwitikia nani... akaushika mpira kwa mikono miwili, kiganja juu ya kiganja.

"Nipo," akasema, "nimeshika. Hii presha yenu lakini, jamani, siku moja itanirusha mpaka kwa MaTshuma."

Kicheko kikamtoka MaSibanda puani, kicheko cha mtu aliyekuwa amebana pumzi, na kule kushoto kofia ya sufu ikachomoza, macho mawili yakamtazama MaDube kwa muda, yakapepesa, "Mimi nilikwambia, Ticha," akasema MaTshuma, "dirisha zima!"

"Uliniambia, mama, uliniambia."

Mahali fulani Baba Ngwenya akagonga kitu kwa bisibisi, pampu ikaguna, ikanyamaza, akaibembeleza kwa maneno ya reli, na harufu ikapita kwenye shimo la ukuta pamoja na upepo, tamu, nzito, ya kuchemka polepole, MaDube akainua pua, tumbo likanguruma, akashangaa, lilikuwa tumbo lake, linataka, halingoji adabu, linataka.

"MaSibanda."

"Naam, ndugu yangu. Umechoka? Basi uache kidogo—"

"Sijachoka. Nauliza, mmepika nini leo?"

Mkasi ukaanguka kwenye majani. Halafu MaSibanda akaanza kujibu akashindwa, akakohoa, akaanza tena, "Umxhanxa... ni umxhanxa, MaDube, lile tikiti la mwisho, nimelipika na mahindi tangu asubuhi, limeiva mpaka limekuwa uji, nilikuwa nasema... nilikuwa nimesema nitakuwekea kidogo tu kama..." na MaTshuma akadakia kwa sauti ya kuvuka nyumba tatu, "Ameuliza! Mmesikia? Ameuliza yeye mwenyewe! Na mimi mniwekee, au kwangu kuna ukuta wa dhahabu usiopitisha sahani?"

"Kidogo cha nini," akasema MaDube, akiuhamisha mpira kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, pipa bado tupu, maji bado hayajafika, "niwekee bakuli kubwa."